Jodari wa Bahari ya Hindi na Haja ya Kumsimamia kwa Pamoja

Watanzania wengi bado wanawakumbuka "samaki wa Magufuli", yaani takriban tani 296 za samaki waliokutwa ndani ya meli ya kigeni ya Tawariq 1 mwezi Machi 2009, wakati John Pombe Magufuli akiwa waziri mwenye dhamana ya uvuvi, na ambao baadaye waligawiwa bure kwa taasisi mbalimbali za umma. Jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba meli ya doria iliyoikamata Tawariq 1 haikuwa ya Tanzania. Ilikuwa Sarah Baartman ya Afrika Kusini, na ndani yake walikuwamo wakaguzi wa Afrika Kusini, Msumbiji, Kenya na Tanzania waliokuwa wakifanya doria ya pamoja. Kesi iliyofuata haikwenda vizuri: nahodha alitiwa hatiani mwaka 2012, lakini mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikafuta mwenendo mzima kwa dosari za kisheria. Doria ya nchi nne ilikuwa imefanya sehemu yake. Taratibu za mashtaka za nchi moja ndizo zilizokwama.

Nimeanza na tukio hilo kwa sababu linaonyesha ushirikiano wa kimataifa katika uchumi wa bahari ukiwa kazini, pamoja na mahali unapokatikia. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 uliipa kila nchi ya pwani haki juu ya rasilimali zilizomo hadi maili 200 za baharini kutoka ufukweni. Kwa Tanzania, ukanda huo maalumu wa kiuchumi una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 223,000, eneo ambalo hakuna boti mbili wala tatu za doria zinazoweza kulilinda. Jodari naye hajui mipaka hiyo. Hupita Shelisheli, Kenya, Tanzania, Komoro na Msumbiji akifuata chakula na majimaji yenye joto linalomfaa, kiasi kwamba samaki aliyeachwa akue katika maji ya nchi moja huvuliwa katika maji ya nchi nyingine.

Ushirikiano wa gharama ndogo kuliko wote ni kupeana taarifa. Mwaka 2012 nchi za magharibi mwa Bahari ya Hindi zilianzisha mpango wa FISH-i Africa, ambao baadaye ulifikisha wanachama wanane: Kenya, Tanzania, Msumbiji, Somalia, Komoro, Madagaska, Morisi na Shelisheli. Mwaka 2013 meli ya kuvua jodari iitwayo Premier, iliyokuwa ikituhumiwa kuvua kinyume cha sheria katika maji ya Liberia, ilihamia upande wetu na kuanza kuomba leseni. Zamani ingezipata, kwa kuwa ofisa wa leseni wa nchi moja hakuwa na njia ya kujua kilichotokea upande wa pili wa bara. Safari hiyo maofisa walikuwa wameshaandikiana, nchi kadhaa zikaikatalia, na hatimaye mmiliki akailipa Liberia dola milioni 1 za Marekani ili kulimaliza shauri hilo. Hakuna risasi iliyofyatuliwa wala mafuta ya doria yaliyoteketezwa.

Kazi ya namna hiyo hukamilishwa bandarini. Mkataba wa Hatua za Nchi yenye Bandari, ulioanza kutumika Juni 2016 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), unaitaka meli ya kigeni itoe taarifa kabla ya kuingia, na unairuhusu nchi kuikatalia meli yenye mashaka isishushe samaki, isichukue mafuta wala maji. Mkaguzi hupanda na kulinganisha kitabu cha kumbukumbu cha nahodha na samaki waliomo kwenye chumba cha barafu, hupima macho ya nyavu, na huangalia kama jina lililoandikwa ubavuni halikupakwa juu ya jina jingine. Hilo la jina si jambo la kufikirika: kumegunduliwa meli zaidi ya moja zikitumia jina na leseni moja, na zilifahamika baada ya nchi tofauti kulinganisha picha.

Palipo pagumu zaidi ni katika kukubaliana nani apunguze uvuvi. Kazi hiyo ni ya Kamisheni ya Jodari wa Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria, Shelisheli, inayosimamia aina 16 za jodari na samaki wa jamii yake. Mfano mzuri ni mvutano kuhusu maboya ya kuvutia samaki. Chombo hiki ni chelezo chenye nyavu au kamba zinazoning'inia chini yake, na juu yake kuna boya lenye paneli ya jua, kipokezi cha setilaiti na kifaa cha sauti kinachoiambia meli iliyo mbali kama chini yake kuna samaki wa kutosha. Samaki hukusanyika hapo kwa tabia yao ya asili ya kufuata vitu vinavyoelea. Meli huja, huzungusha wavu na kuzoa kila kilichopo, wakiwamo jodari wachanga wa mapezi ya njano ambao hawajawahi kuzaa. Chelezo kikipotea, aghalabu huishia kwenye miamba ya matumbawe ya nchi ambayo haikunufaika nacho.

Kufikia mwaka 2019 Kamisheni ilikuwa imepunguza idadi ya maboya ambayo meli moja iliruhusiwa kuyafuatilia kwa wakati mmoja kutoka 550 hadi 300. Februari 2023, katika kikao kilichofanyika Mombasa, ilipitishwa hatua kali zaidi iliyojumuisha kuyasitisha kwa siku 72 kila mwaka. Hata hivyo, kanuni za Kamisheni zinampa mwanachama siku 120 za kuweka pingamizi. Umoja wa Ulaya, wenye meli nyingi zinazotumia maboya hayo, uliweka pingamizi, na wengine kadhaa wakafuata, zikiwamo baadhi ya nchi za pwani. Hatua ile haikutekelezwa. Mwaka 2024 mjini Bangkok yakafikiwa maafikiano ya kushusha idadi hadi 250 kisha 225, bila usitishaji ule.

Kwa nini nchi ya pwani ipinge hatua inayoonekana kuilinda? Sababu kubwa ni leseni. Nchi inayotegemea ada za meli za kigeni huogopa kwamba ikibana, meli zitahamia kwa jirani. Visiwa vya Pasifiki vilikuwa na hofu hiyohiyo. Nchi nane zilizotia saini Makubaliano ya Nauru zikaamua kuuza siku za uvuvi kwa masharti na bei ya chini ya pamoja, na mapato yao yakapanda kutoka takriban dola milioni 60 mwaka 2010 hadi zaidi ya dola milioni 400 miaka michache baadaye. Upande wetu kila nchi bado inajadiliana na wenye meli peke yake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapopoteza fedha nyingi kuliko zile zinazoibwa na meli haramu.

Mikataba ya dunia nzima inasaidia kwa kiasi chake. Ule wa Shirika la Biashara Duniani, uliopitishwa Juni 2022 na kuanza kutumika Septemba 2025, unakataza ruzuku kwa meli zinazovua kiharamu.

Lenye uzito zaidi kwetu ni majadiliano ya Kamisheni ya Jodari kuhusu mgawanyo, yaani kila nchi iruhusiwe kuvua kiasi gani, yaliyoanzia Nairobi mwaka 2011 na ambayo hayajakamilika. Hoja inayobishaniwa ni hii: samaki aliyevuliwa zamani na meli ya kigeni ndani ya maji ya nchi ya pwani aandikwe kwenye historia ya nani, ya nchi yenye bendera au ya nchi yenye maji? Jibu litaamua mgawo wa kila nchi kwa miaka mingi. Zaidi ya nusu ya jodari na samaki wa jamii yake wanaovuliwa katika Bahari ya Hindi huletwa na wavuvi wadogo, lakini kwenye madiko mengi ya pwani yetu samaki hao hununuliwa na kukatwa kabla mtu hajawapima. Wajumbe wetu wanapokaa kwenye meza ile, hawawezi kudai tani ambazo hazikuandikwa, na ndiyo maana daftari la karani wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, lenye aina ya samaki, uzito na chombo kilichomleta, linahitaji bajeti yake katika kila halmashauri ya pwani kabla mgawo huo haujapitishwa.