Baa za vijijini Uingereza: dhana na ukweli

Baa ya kijijini ikifungwa Uingereza, watu huizungumzia kama msiba wa mzee wa ukoo. Ila wengi humsifia marehemu kwa sifa ambazo hakuwa nazo.

Dhana: Zilikuwa hivyohivyo tangu enzi za mababu.

Zipo za kale kweli, lakini nyingine nyingi zilizaliwa na sheria ya 1830, iliyomruhusu mlipa kodi yeyote kutoa gini 2 (fedha ya zamani ya Uingereza) na kuuza bia nyumbani kwake. Serikali ilitaka watu waache jini, ile pombe kali (gin). Basi mhunzi au seremala akaweka pipa chumba cha nyuma, mkewe akajaza magudulia, wateja wakakaa sebuleni. Kaunta ya nini? Ukimjua mama anayepima mbege uani kwake kule Moshi, hiyo baa umeshaielewa.

Na zile boriti nyeusi na mapambo ya shaba ya farasi ukutani? Nyingine zilipigiliwa misumari karne ya 20, kampuni za bia zilipokarabati baa na kubomoa ukuta uliotenga chumba cha vibarua na kile cha waungwana, ambako bia ileile iliuzwa ghali zaidi.

Dhana: Bia yao ya asili hunywewa ya moto.

Mhudumu wa Dar akiuliza "ya moto au ya baridi?", hii haimo katika hayo mawili. Hutunzwa chini ya ardhi kwenye nyuzi 11 hadi 13, ikiwa na hamira hai inayoendelea kuichachusha pipani, na huvutwa kwa pampu ya mkono. Pipa likishafunguliwa lina siku chache tu. Wateja wakipungua linageuka siki, na anayeonja siki harudi.

Dhana: Marufuku ya sigara ndiyo iliyoziua.

Marufuku ilianza England Julai 1, 2007, na iliuma. Lakini baa zilikuwa zikifungwa kabla ya hapo. Tangu 1967 polisi wana kipimo cha pumzi cha kunasa madereva waliokunywa, na kijijini pasipo na basi la usiku mnywaji ataendaje, atarudije? Bia ya supamaketi ni nafuu. Tena jengo la mawe lenye bustani likigeuzwa makazi huuzwa bei kubwa kuliko likibaki baa.

Dhana: Anayeendesha baa ndiye mwenyewe.

Hapa ndipo penye mzizi wa tatizo, kwa maoni yangu. Waingereza humwita "mwenye nyumba", kumbe mara nyingi naye ni mpangaji. Analipa kodi ya pango, na mkataba unamfunga kununua bia kwa mwenye jengo, kwa bei inayozidi ya soko. Mwaka 1989 serikali iliziamuru kampuni za bia zenye baa zaidi ya 2,000 zilegeze kamba. Zikauza baa zao, zikanunuliwa na kampuni zisizopika hata chupa moja. Mbili kati ya hizo, Punch na Enterprise, kila moja ilifikisha zaidi ya baa 8,000, kwa mikopo mizito. Kamba ikabaki shingoni, mshikaji tu akabadilika. Ni 2016 ndipo wapangaji wa kampuni kubwa walipopewa haki ya kuomba kulipa pango tu na kununua bia watakako.

Dhana: Chakula kimeharibu baa halisi.

Anayelalamika hivyo huagiza "mlo wa mkulima": mkate, jibini na achari. Mkulima alikula mkate na jibini zamani, sawa, ila mlo huo kwa jina hilo ulienezwa kwenye baa na watangazaji wa jibini miaka ya 1950 na 1960.

Dhana: Zinakufa zote.

Hesket Newmarket, kijiji cha Cumbria, kaskazini-magharibi mwa England, wanakijiji walichanga wakainunua baa yao, Old Crown, mwaka 2003 kwa njia ya ushirika. Bia yake hupikwa katika ghala la zamani nyuma ya baa hiyohiyo, na kiwanda hicho nacho kimewahi kununuliwa na ushirika, miaka minne kabla ya baa.