Mwaloni wa kichaka ni mti gani hasa?

Ukitaja mwaloni, wengi wetu picha inayokuja ni ile mialoni ya Mamre ya Mwanzo 18, Ibrahimu kakaa mlangoni pa hema jua linawaka, yaani jiti kubwa lenye kivuli cha maana. Sasa kuna mwaloni ambao ukiupita utadhani ni kichaka tu cha miiba, mara nyingi haufiki hata mita 2. Jina lake la kisayansi ni Quercus coccifera.

Unaota kandokando ya bahari ya Mediterania, kuanzia Uhispania na kusini mwa Ufaransa hadi Ugiriki na Uturuki, kwenye vilima vya mawe ya chokaa ambako udongo ni kiduchu na kiangazi mvua unaisahau. Haupukutishi majani, ni kijani mwaka mzima. Jani lenyewe dogo, sentimita 2 au 3 hivi, gumu kama plastiki, pembeni lina vijimiba, ukilishika bila kuangalia ni kama umeshika jani la nanasi, na huo ugumu ndo unaofanya lisipoteze maji ovyo. Kule kusini mwa Ufaransa pori la vichaka hivi linaitwa garigi, jina limetokana na huu huu mwaloni, kwa Kioksitani, lugha ya kule kule, unaitwa garric.

Ila ufupi wake siyo wote wa kuzaliwa nao. Kisiwani Krete mbuzi wanautafuna wee mpaka unabaki umejiviringa kama mto wa kukalia, unatanuka taratibu, halafu inafika siku tawi la katikati linakuwa mbali mdomo wa mbuzi haulifikii, hapo ndo linapanda juu na unapata mti kabisa. Moto nao ukipita unateketeza vya juu tu, chini mizizi iko hai, vinachipua vijiti kibao kwa mpigo. Na ule mti wa Hebroni uliokuwa unaonyeshwa kwamba ndo mwaloni wa Ibrahimu? Ni ndugu yake huyu, wataalamu wengine wanawahesabu spishi moja!

Hilo coccifera maana yake mbeba punje. Kuna kidudu, jike lake linang'ang'ania kitawi linavimba kama njegere ndogo, watu wa kale wakadhani ni tunda. Walikuwa wanawabandua, wanawakausha, wanapata rangi nyekundu ya kutia sufu na hariri za wenye hela, Waarabu wakaiita qirmiz. Karne ya 16 Wahispania wakaleta kidudu kingine toka Mexico chenye rangi nyingi zaidi, biashara ikadorora.