Paka mkali pia hupimwa sukari nyumbani

Wengi huamini kwamba paka mwenye kisukari anayekwaruza na kukimbia hawezi kupimwa nyumbani, na kwamba kipimo cha kliniki ndicho cha kuaminika. Si kweli. Hofu ya safari na mazingira mageni hupandisha sukari ya paka, hata asiye na kisukari, hivyo namba ya kliniki inaweza kudanganya.

Damu ya kupima hutolewa sikioni, na mara nyingi kinachokwamisha ni sikio baridi, si ukali. Mishipa ikiwa imesinyaa, damu haitoki, unatoboa tena na tena, na paka anachoka nawe. Weka mchele mkavu wenye uvuguvugu ndani ya soksi, ujaribu joto kwenye kifundo cha mkono wako, kisha ushikilie sikioni kwa dakika moja hivi. Weka pamba nyuma ya sikio, toboa ukingoni, kati ya mshipa na mwisho wa sikio. Ukiwa mgeni, tumia lanseti (kisindano cha kutobolea) nene kidogo, ya geji 26 au 28. Bonyeza kwa pamba baadaye, kisha mpe kitafunio, hata kama damu haikutoka.

Kabla ya hapo, tumia siku kadhaa kumgusa tu masikio na kumtuza. Usimkabe, akikataa, mwachie, ujaribu baadaye.

Mashine ya kupimia sukari ya binadamu huelekea kusoma chini kidogo kwa paka. Hata hivyo, chini ya 60 mg/dL (3.3 mmol/L) usimchome insulini: mlishe na umpigie daktari wa mifugo mara moja.