Je, wajua kwa nini darubini ya bunduki ya 1-10 inaweza kukusumbua mazoezini kuliko ya 1-6?

Watu wengi wanaoanza mazoezi ya shabaha na hizi darubini za kukuza kidogo, zile zinazoanzia 1 yaani unaona vitu kwa saizi ya kawaida halafu unapandisha hadi 4, 6, 8 au 10, wanapiga hesabu moja tu: ya 10 inafanya yote ya 6 na zaidi, basi ndiyo bora. Halafu mtu anafika uwanjani, anapandisha hadi mwisho, picha inaingia giza, akisogeza kichwa kidogo tu haoni kitu, anadhani kauziwa mbovu.

Si mbovu. Chukua darubini ikiwa haijafungwa kwenye bunduki, inyooshe mkono mzima mbele yako uielekeze ukutani penye mwanga (si juani kabisa, jicho litaungua), kisha tazama kioo cha nyuma. Utaona kiduara cheupe kinaelea katikati. Sasa zungusha pete ya kukuza taratibu, uone kile kiduara kinavyosinyaa. Mwanga wote unaokufikia unapita hapo tu, jicho lako likikaa nje yake unaona kivuli cheusi.

Hesabu yake ni rahisi: gawa upana wa lenzi ya mbele kwa namba ya ukuzaji. Nyingi zina lenzi ya milimita 24, kwa hiyo kwenye 6 unapata kiduara cha milimita 4, kwenye 8 milimita 3, kwenye 10 milimita 2.4 tu. Kwenye 1 hesabu hiyo haifuatwi manake lenzi za ndani zinabana mwanga, ila bado kiduara ni kikubwa kuliko mboni ya jicho, ndo maana ukiwa kwenye 1 unaweka shavu vyovyote na bado unaona. Mboni yenyewe mchana inabana hadi milimita 2 au 3, jioni inafunguka 5 na zaidi. Kwa hiyo saa sita mchana hiyo 2.4 inakutosha, shida ni kulipata tundu lenyewe kwa kichwa, lakini jua likizama jicho linataka mwanga mwingi na darubini haina wa kukupa.

Ukilijua hilo hata machaguo ya wanajeshi yanaeleweka. Jeshi la Marekani lilichukua Tango6T ya Sig Sauer, 1-6x24, yaani ukuzaji 1 hadi 6 na lenzi ya mbele ya milimita 24. Kikosi cha Marines mwaka 2020 kikachagua VCOG ya Trijicon, 1-8x28, na hiyo 28 ina kazi yake, 28 gawa kwa 8 unapata 3.5 badala ya 3. Nusu milimita inaonekana ndogo ila kwenye kuweka kichwa haraka unaisikia kabisa.

Kitu cha pili ambacho mimi nakiangalia kabla ya bei ni zile alama za kulengea zimewekwa wapi ndani ya bomba. Kutokana na mahali hapo, kuna darubini ambazo alama zinakua na kupungua pamoja na picha, na kuna ambazo alama zinabaki saizi ileile. Hizi za pili ndo zinachanganya watu, manake vipimo vyake ni sahihi kwenye namba moja tu, mara nyingi ile ya juu kabisa. Mfano una ya 1-6, kwenye 6 alama ya kwanza chini ya katikati ni mil 1 (kipimo cha pembe, si milimita), sawa na sentimita 10 kwa mita 100. Ukishusha hadi 3 alama ileile inakuwa mil 2. Ukiitumia kwenye shabaha ya mita 300 ukidhani bado ni sentimita 30, kumbe ni 60, na risasi inapita juu kwa sentimita 30. Zile zinazokua na picha hazina tatizo hilo, ila kwenye 1 alama zinakuwa nyembamba kama unywele, usipowasha taa huzioni, na taa ya darubini za bei ya chini mara nyingi jua la mchana linaimeza.

Hiyo 1 nayo ipime kabla hujalipa. Fungua macho yote mawili, tazama ukingo wa mlango kupitia darubini. Mstari wa mlango ukikatika au ukipinda pale pembeni ya kioo, basi 1 yake si 1 kweli na macho yatagombana ukifanya mazoezi ya karibu.

Kwa anayejifunza mimi nasema 1-6, na zaidi ya nusu ya mazoezi afanye kwenye 1, bunduki tupu iliyokaguliwa mara mbili, anainua hadi shavu linakaa palepale kila mara. Kwenye 1 uwanja wa kuona ni kama mita 35 kwa umbali wa mita 100, ukipanda 6 zinabaki kama 6, kwa hiyo aanze chini aipate shabaha kwanza ndo apandishe. Ya 1-10 nampa anayepiga mita 400 na kuendelea, amelala chini au ameegemea kitu, ana muda wa kutafuta kile kiduara.