Skana ya gari ya bei nafuu: inasoma nini, na ipi inalifaa gari lako

Skana ya gari ni kifaa kinachowasiliana na kompyuta za gari kupitia soketi iliyo chini ya dashibodi, upande wa dereva, kikaziuliza zimehifadhi hitilafu gani, kisha kikaonyesha majibu kwenye kioo chake au kwenye simu. Kazi yake kuu ni hiyo. Haitengenezi kitu, wala haijui kama plagi imechakaa au mpira wa hewa umepasuka. Inachokijua ni kile ambacho sensa zimeiambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, na ambacho kontroli boksi yenyewe imeona hakilingani na inavyotarajia. Kwa sababu hiyo, mtu anayetafuta skana ya bei nafuu anapaswa kuanza na gari lake kabla ya kufika kwenye bei: kifaa kile kile kinaweza kumtosheleza mwenye Mazda Demio ya 2014 na kisipate jibu lolote katika Toyota ya 2001.

Soketi hiyo yenye pini 16 ni zao la sheria za kudhibiti moshi wa magari. Marekani ilianza kuyalazimisha magari madogo yote ya modeli ya 1996 na kuendelea yatumie mfumo mmoja uitwao OBD-II, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, kisha ya dizeli miaka michache baadaye. Kwa kuwa sheria ililenga moshi, sehemu ambayo mtengenezaji analazimika kuifungua kwa skana yoyote ni injini na vile vinavyoathiri uchomaji wa mafuta. Breki za ABS, mifuko ya hewa ya usalama, uskani wa umeme, kiyoyozi na ufunguo wenye chipu vilibaki mikononi mwa kila kampuni, na kila kampuni ikavitungia lugha yake. Hapa ndipo bei zinapoachana. Skana ya bei ya chini husoma sehemu iliyofunguliwa na sheria, na sehemu kubwa ya fedha inayoongezwa kwenye skana ghali hulipia lugha za ndani za Toyota, Nissan, Subaru na wengine.

Mgawanyo huo unaonekana hata katika misimbo inayotokea kwenye kioo. Msimbo unaoanza na herufi P unahusu injini na gia, C ni mifumo ya chini kama breki na uskani, B ni bodi, na U ni mawasiliano kati ya kompyuta zenyewe. Tarakimu inayofuata herufi P ikiwa 0, kama katika P0301 inayosema silinda ya kwanza inamisi (haichomi mafuta ipasavyo), kwa kawaida maana yake ni moja kwa kila gari. Ikiwa 1, maana imewekwa na mtengenezaji, na skana isiyo na orodha yake ama itaonyesha namba tupu bila maelezo ama itakupa maelezo ya gari la kampuni nyingine, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki suala hili lina ugumu wa ziada, kwa sababu magari mengi ya barabarani kwetu yalitengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, na Japani ilikuwa na utaratibu wake. Magari mengi ya huko ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana soketi ile ile ya pini 16, lakini kompyuta zake hazijibu maswali ya kawaida ya OBD-II. Baadhi ya Nissan za miaka ya 1990 zina soketi tofauti kabisa yenye pini 14. Mambo yalinyooka zaidi baada ya kanuni mpya za Japani za mwaka 2008. Kwa hiyo mwaka wa kutengenezwa una uzito, na sheria za uingizaji zinaathiri jambo hili bila kukusudia: Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo magari yanayoingia sasa karibu yote hujibu skana za kawaida, ilhali Tanzania haikatazi magari ya zamani bali huyatoza ushuru wa ziada, na barabara zake bado zina IST, Vitz na Corolla nyingi za kipindi kile cha utata. (Mwenye Toyota ya miaka hiyo asikate tamaa. Mafundi wa zamani huunganisha pini ya 13 na ya 4 kwa kipande cha waya, wakafungua swichi bila kuwasha injini, kisha wakahesabu mimweko ya taa ya injini, na msimbo ukapatikana bila skana. Asiyezijua pini hizo vizuri asijaribu, kwa kuwa pini ya 16 ina umeme wa betri wakati wote.)

Kifaa cha bei ya chini kabisa ni kile kidogo kinachochomekwa kwenye soketi na kutuma taarifa kwenye simu kwa Bluetooth au Wi-Fi, kinachouzwa kwa jina la ELM327. Jina hilo ni la chipu iliyoanza kuuzwa na Elm Electronics, kampuni ya Kanada, mwaka 2005. Toleo lake la kwanza halikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa, likanakiliwa, na ingawa kampuni yenyewe ilifunga shughuli zake mwaka 2022, nakala zinaendelea kumiminika sokoni. Karibu vyote vinavyopatikana kwetu kwa bei isiyofikia mafuta ya kujaza tangi la Vitz ni nakala. Baadhi ni nzuri. Nyingine hukata mawasiliano, husoma polepole, au hukosa baadhi ya amri ambazo programu ya simu inazihitaji, na namba ya toleo iliyoandikwa juu yake haithibitishi chochote: kampuni asili haikuwahi kutoa toleo la 1.5, lakini vifaa vyenye namba hiyo vimejaa. Mwenye iPhone achukue cha Wi-Fi au cha Bluetooth ya aina mpya isiyotumia nguvu nyingi, kwa maana Bluetooth ya kizamani haitafanya kazi naye. Pamoja na kasoro hizo, kifaa hiki kikiwa kizima na kikiunganishwa na programu nzuri kama Torque au Car Scanner, humpa mwenye gari taarifa nyingi kuliko skana ndogo zenye kioo zinazosoma msimbo na kuufuta tu. Kuna programu zenye mipangilio maalumu ya magari ya Japani, na mara nyingine mipangilio hiyo hulifungua gari lililokataa kujibu. Kisiachwe kwenye soketi gari likilala siku nyingi, kwa kuwa kinakula betri.

Ngazi inayofuata ni skana zenye kioo chake, za kampuni kama Launch, Autel na Thinkcar. Tofauti kubwa ndani ya kundi hili ni kati ya zile zinazosoma injini pekee na zile zinazosoma mifumo yote ya gari, na kwa maoni yangu anayeacha kifaa cha simu ili anunue skana ya kioo inayosoma injini pekee hajapiga hatua kubwa. Akiongeza fedha, aongeze kwa ajili ya ABS, mifuko ya hewa na gia. Aulize pia masharti ya masasisho, maana baadhi huuzwa na masasisho ya mwaka mmoja au miwili kisha hudai ada, na baadhi huweka kazi maalumu, kama kurudisha sifuri taa ya kubadilisha oili, nyuma ya malipo ya ziada.

Njia ya tatu humfaa anayemiliki magari ya kampuni moja: waya unaounganisha gari na kompyuta ndogo pamoja na programu ya mtengenezaji mwenyewe, kama Techstream ya Toyota. Husoma karibu kila kitu. Hata hivyo, nyaya za bei rahisi zinazouzwa mitaani huja na programu zilizochakachuliwa, ambazo zinaweza kubeba virusi, na usakinishaji wake unahitaji mtu mwenye subira ya kompyuta.

Kabla ya kuchagua kati ya hizo, ni vizuri kuelewa kwamba msimbo pekee hautoshi, na kwamba thamani ya skana iko zaidi katika taarifa za moja kwa moja, yaani vipimo vya sensa vinavyobadilika injini ikiwa inafanya kazi. Chukua P0171, inayosema mchanganyiko una hewa nyingi mno ikilinganishwa na mafuta. Fundi mwenye haraka ataagiza sensa ya oksijeni. Skana inayoonyesha marekebisho ya mafuta, yale yanayoandikwa STFT (ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu) kwa asilimia, inasaidia kuuliza swali bora: ikiwa kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia 20 au zaidi injini ikinguruma taratibu, kisha nyongeza hiyo ikashuka kuelekea sifuri unapokanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, hewa huenda inaingia mahali pasipostahili, pengine kwenye mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi. Ikiwa nyongeza inapanda kadiri injini inavyobeba mzigo, mashaka yanahamia kwenye pampu ya mafuta, chujio lake au sensa ya hewa iliyochafuka. Sensa ya oksijeni katika hali zote mbili inaweza kuwa nzima, ikisema kweli tupu. Skana isiyoonyesha vipimo hivyo inakuacha na msimbo na makisio.

Jambo jingine la kudai ni picha ya hali ya gari wakati hitilafu ilipotokea, yaani mwendo, joto la injini na mizunguko yake, pamoja na orodha ya majaribio ya ndani ambayo kompyuta imeyakamilisha. Orodha hiyo ina faida kubwa kwa anayenunua gari lililotumika. Muuzaji anaweza kufuta misimbo asubuhi ili taa ya injini izimike, lakini kufuta huko huyarudisha majaribio mengi kuwa hayajakamilika, na katika magari mengi huanzisha upya hesabu ya kilomita tangu misimbo ilipofutwa. Gari lisilo na msimbo wowote, lenye majaribio karibu yote yasiyokamilika na kilomita chache kwenye hesabu hiyo, linastahili maswali.

Siku ya kununua, iwe ni Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, peleka gari lenyewe, au kubaliana na muuzaji kwa maandishi kwamba kifaa kitarudishwa kisipolisoma. Usishawishike na skana inayojisifu kulitambua gari yenyewe kwa namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 17, kwa maana magari ya soko la Japani hayana namba hiyo. Yana namba ya chesesi ya aina ya NCP60 ikifuatwa na tarakimu za mfululizo, kwa hiyo ni lazima menyu iwe na nafasi ya kuchagua Japani, kisha modeli, kwa mkono. Washa injini, fungua vipimo vya moja kwa moja, kanyaga mafuta kidogo, na uangalie kama mizunguko kwenye skana inapanda pamoja na ya dashibodi bila kuchelewa mno. Kisha, ikiwa umeahidiwa mifumo yote, ingia kwenye ABS na mifuko ya hewa hapo hapo. Kioo kikisema hakuna mawasiliano wakati taa za mifumo hiyo zinawaka na kuzima kama kawaida unapofungua swichi, kifaa hicho hakijui lugha ya gari lako, na bei yake, hata ikipunguzwa kwa nusu, bado ni kubwa.