Chumvi ya pinki haina maajabu, angalia punje

Jamani hii ya kusema skrabu ya chumvi, ile ya kusugulia ngozi, haifanyi kazi mpaka utumie ile ya pinki ya Himalaya naomba tuiache, inaniuma kuona mtu ananunua kikopo kwa hela ya mboga ya wiki nzima. Ile inachimbwa Pakistani, mgodi maarufu unaitwa Khewra, na upinki wake ni chuma kidogo tu, rangi ya kutu hivi, kilichobaki chote, kama asilimia 98, ni chumvi ile ile ya kupikia. Hayo madini mengine ni kiduchu mno na wewe unasugua dakika mbili unasuuza, yataingia saa ngapi?

Kinachofanya kazi ni ukubwa wa punje. Chukua kidogo usugue nyuma ya kiganja, ikikukwaruza au ikiacha mistari myekundu hiyo ya visigino, siyo ya mapaja. Chumvi ya mawe ya sokoni inafaa kabisa, itwange kwenye kinu mpaka iwe kama ya mezani alafu changanya na mafuta ya nazi, maji hapana, maana kwenye maji inayeyuka hata magoti hujafika.

Na wale wanaosema ikiwasha ndo inatoa taka, sio kweli, kuwasha ni ngozi inaumia. Usoni usipake kabisa, ukitoka kunyoa subiri siku moja mbili, penye kidonda paache. Mara moja kwa wiki inatosha.