"Fundi, namba zimelingana": dhana potofu za wanunuzi wa magari ya kale ya Kimarekani

Simu huja usiku, mnada ukiwa umebakiza siku moja kufungwa. "Fundi, nimeona Chevelle ya 1970, SS 454, imekarabatiwa yote, namba zimelingana. Nipandishe dau mpaka wapi?" Chevelle ni gari la Chevrolet, SS ni toleo lake la nguvu, na 454 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo. "Namba zimelingana" maana yake namba iliyogongwa kwenye injini inaafikiana na namba ya chesisi, yaani injini ni ile ile ya kiwandani. Mwezi huu nimeipokea simu hiyo mara nne, kwa sauti nne tofauti. Kazi yangu ni kukagua magari haya, Ohio na majimbo ya jirani, kwa niaba ya watu wanaonunua mtandaoni wakiwa mbali. Wengi ni ndugu zetu madereva wa malori, wenye akiba ya jasho lao. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja kwa simu, basi haya ndiyo wanayoniambia, na majibu yangu.

"Namba zimelingana, basi injini ni ya gari lenyewe."

Zimelingana na nini, na nani kazigonga?

Kwenye Chevrolet, namba ya injini iko juu ya bloku, mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria, kwenye sehemu bapa ndogo ambayo mara nyingi altaneta inaificha. Hapo pana namba mbili. Ya kwanza iligongwa kiwanda cha injini. T0212CRV, kwa mfano, ni Tonawanda, New York, Februari 12, na CRV ni herufi za injini ya LS6 ya gia za mkono, ile 454 ya nguvu farasi 450. Ya pili ni kipande cha namba ya chesisi, na hiyo iligongwa kiwanda kingine kabisa, pale gari lilipounganishwa.

Sasa, mihuri ya kugongea herufi na tarakimu inauzwa, na hakuna anayekuuliza unaipeleka wapi. Bloku likisawazishwa upya kwa mashine, namba za zamani zinafutika, na chuma kitupu kinapokea chochote utakachokigonga. Kwa hiyo namba zinazolingana ndizo rahisi kuliko zote kuzipata. Tapeli gani atagonga zisizolingana?

Mimi naanza na chuma kabla ya namba. Kiwanda kilisawazisha uso ule kwa mashine iliyoacha mistari myembamba iliyonyooka, kutoka mbele ya injini kwenda nyuma, kama ubao uliopitishwa randa. Nikikuta alama za mviringo, au uso laini kama kioo, najua umeguswa. Tuwe waadilifu hapa: fundi mwaminifu aliyefufua injini mwaka 1985 naye huenda aliusawazisha bila nia mbaya. Lakini ushahidi umekwenda, na wewe usiulipie ushahidi ambao haupo.

Halafu natazama mkono wa aliyezigonga. Namba mbili zilizogongwa viwanda viwili hazitarajiwi kufanana kwa kina, kwa ukubwa wa herufi na kwa mpangilio. Zikikaa kama mapacha, nachukua kioo cha kukuzia.

Tarehe ndiyo inayowaumbua wengi. Bloku lina tarehe ya kumiminwa, imetoka pamoja na chuma chenyewe: herufi ya mwezi, siku, na tarakimu ya mwisho ya mwaka. A ni Januari, B Februari, hivyo hivyo. Mwaka jana niliinama chini ya gari moja na tochi. Juu, injini inasema imeunganishwa Februari 12. Ubavuni, chini ya matope ya mafuta ambayo hakuna aliyejisumbua kuyafuta, bloku linasema E 5 0, yaani Mei 5, 1970. Injini imeunganishwa karibu miezi mitatu kabla ya bloku lake kumiminwa! Muuzaji aliniambia labda kiwanda kilikosea.

Basi ombeni picha tatu: sehemu bapa iliyopanguswa kwa thina (si kwa msasa, tafadhali), imulikwe kutoka ubavuni; tarehe ya kumiminwa; na namba ya gia boksi. Muuzaji aliyepiga picha 180 za gari kisha akasema mahali hapo kamera haifiki, amekwisha kukujibu.

"Namba ya chesisi inaonyesha ni SS."

Kwa Chevelle ya 1966 hadi 1968, ndiyo: SS 396 inaanza na 138. Kuanzia 1969 SS ikawa kifurushi cha nyongeza tu, na namba ya chesisi haionyeshi kama ni SS. Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, hugeuzwa SS kwa beji, boneti na mistari ya rangi. Kwa Ford na Chrysler una nafuu: tarakimu ya tano ya namba ya chesisi inataja injini. R kwenye Plymouth au Dodge ya 1970 ni Hemi 426, injini kubwa ya Chrysler.

"Nimenunua ripoti ya historia ya gari, iko safi."

Namba ya tarakimu 17 ilianza na magari ya 1981. Ripoti hizo zimejengwa juu yake. Ripoti ya gari la 1969 isipoonyesha lolote, maana yake haijui. Kutojua si usafi.

"Kuna karatasi."

Karatasi gani? Mwenye kununua Pontiac GTO hana udhuru: Pontiac Historic Services wana kumbukumbu za kiwanda tangu 1961. Ford kuanzia 1967 kuna ripoti ya Marti, kampuni yenye kumbukumbu za Ford. Chevrolet iliyouzwa Marekani haina hazina kama hiyo, ndiyo maana kila mtu anatafuta karatasi ya kiwanda, ile iliyoorodhesha vifaa vya gari lilipounganishwa, iliyosahaulika juu ya tangi la mafuta. Nyingine zimechapishwa juzi na kuloweshwa chai zizeeke. Niliwahi kuinusa moja.

"Kibati cha namba ya chesisi kilitolewa ili kupaka rangi, si kitu."

Ni kitu. Kansas, mwaka 2017, polisi waliishika Corvette ya 1959 kwa sababu kibati kilibanduliwa wakati wa ukarabati na kurudishwa kwa ribiti zisizo za kiwanda. Mnunuzi hakuwa na hatia, na ikabidi sheria ya jimbo irekebishwe 2022.

"Wenye mnada wamelikagua."

Hawajalikagua. Soma masharti: gari linauzwa kama lilivyo.

"Limekarabatiwa, basi ni kama jipya."

Rangi inayong'aa hainiambii kitu. Nakwenda na sumaku iliyofungwa kitambaa, napita chini ya milango, nyuma ya matairi ya nyuma, sakafu ya buti. Ikiteleza badala ya kunata, chini kuna puti, na chini ya puti mara nyingi kuna kutu.

Na nyinyi mnaoniuliza kuhusu kulisafirisha hadi Mombasa: Kenya haipokei gari la zaidi ya miaka minane, na usukani wa kushoto ni kikwazo kingine. Liacheni hapa.

Yule wa Chevelle ya wiki hii amenitumia picha. Imepigwa kwa mbali, altaneta ndiyo inayoonekana vizuri. Nimemwambia aombe nyingine. Mnada unafungwa kesho saa tisa alasiri.